Jinsi ya Kuchagua Koti la Baridi Lenye Joto Bila Kumaliza Akiba Yako

Majira ya baridi yanapokaribia, maswali huwa ni yale yale. Koti la manyoya ya bata au la poliesta? Nichukue saizi kubwa ili nivae sweta ndani? La bei ghali ndilo lenye joto zaidi? La mtumba linafaa? Anayeuliza mara nyingi ni mtu anayeikabili baridi kali kwa mara ya kwanza, fedha zake ni za kuhesabu, na anaogopa mambo mawili kwa pamoja: kutetemeka njiani na kulipia kitu kisichostahili bei yake. Mwongozo huu ni wake.

Shika jambo moja kwanza. Koti halitengenezi joto. Joto linatoka mwilini mwako, na kazi ya koti ni kulizuia lisitoroke. Linafanya hivyo kwa kushika hewa iliyotulia karibu na mwili na kwa kuufungia upepo nje. Ukiwa dukani, jiulize kila mara: hiki ninachoongezewa bei kinashika hewa, kinazuia upepo na maji, au kinalifanya koti lidumu? Kama hakifanyi lolote kati ya hayo, unalipia nembo.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Taarifa za hali ya hewa za mahali utakapovaa koti: wastani wa joto la usiku na mchana katika mwezi wenye baridi zaidi, na kama kuna mvua au theluji kavu.
- Sweta nene kuliko zote utakazovaa chini ya koti. Utakwenda nayo dukani.
- Utepe wa kupimia. Pima kifua ukiwa umevaa sweta hiyo, kisha pima mkono kuanzia bega hadi kifundo.
- Bajeti ya mavazi yote ya baridi kwa jumla. Koti ni sehemu yake tu.
- Muda. Anayenunua akiwa tayari anatetemeka huchukua la kwanza linalomtosha.

Hatua ya 1: Ijue baridi yako

Baridi hazifanani. Kuna baridi yenye unyevu, kati ya nyuzi 0 na 10 za selsiasi, yenye manyunyu na upepo unaopenya. Kuna baridi kavu, nyuzi 10 au 20 chini ya sifuri, ambapo theluji ni kama unga na unaikung'uta begani bila kulowa. Koti linalofaa huku linaweza kukuangusha kule.

Usiangalie kipimajoto peke yake, kwani upepo hubadilisha kila kitu. Kwa hesabu inayotumika Kanada na Marekani tangu 2001, nyuzi 10 chini ya sifuri pamoja na upepo wa kilomita 30 kwa saa huhisiwa usoni kama nyuzi 20 chini ya sifuri. Kama unaishi pwani, kwenye uwanda wazi au katikati ya majengo marefu, kitambaa cha nje kisichopitisha upepo kitakufaa kuliko unene.

Kisha fikiria unavyoishi. Anayetembea dakika 5 hadi kituo cha basi na kuingia ofisini penye joto hahitaji koti la mlinzi wa usiku. Anayesimama nje saa nzima bila kusogea anahitaji zaidi kuliko anayetembea haraka katika baridi ile ile.

Onyo: usinunue kwa kuilenga siku moja ya baridi kuliko zote ndani ya miaka 10. Nunua la siku za kawaida za majira hayo, na ile siku moja uikabili kwa kuongeza nguo ndani. Hapa ndipo fedha nyingi za wanaoanza hupotelea.

Hatua ya 2: Gawa bajeti kabla hujaingia dukani

Ushauri wangu ni koti lisizidi nusu ya fedha ulizotenga. Nusu nyingine inunue kofia, glavu, skafu, viatu visivyopitisha maji na nguo za ndani za sufu au poliesta. Nimeona watu wengi wenye makoti mazuri ajabu wakilalamikia baridi, kumbe wamevaa viatu vya kitambaa na suruali nyembamba, na kichwa kiko wazi.

Ukilinganisha makoti mawili, gawanya bei ya kila moja kwa idadi ya majira ya baridi unayotarajia kulivaa. Koti la bei mara mbili litakalodumu miaka 6 ni rahisi kuliko lile litakalopasuka zipu mwaka wa pili. Ila hesabu hii isiwe kisingizio: kama utakaa kwenye baridi mwaka mmoja tu, koti la miaka 6 halina faida kwako.

Hatua ya 3: Chagua kijazo

Kijazo ni kile kilichowekwa kati ya kitambaa cha nje na bitana. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo wauzaji wanapotumia tarakimu kumchanganya mnunuzi.

*Manyoya laini ya bata au bata bukini.* Haya ni yale malaika ya chini ya kifua cha ndege, si manyoya yenye kijiti. Kwa uzito ule ule hushika hewa kuliko kijazo kingine cha kawaida, ni mepesi, na yakitunzwa hudumu miaka mingi. Udhaifu wake ni maji: yakilowa hushikana, hewa inatoka, na joto linapotea.

Lebo itakuonyesha tarakimu mbili. Ya kwanza ni mgawanyo, kwa mfano 90/10 au 80/20: asilimia 90 au 80 ni malaika, inayobaki ni manyoya yenye vijiti. Zote mbili zinafaa. Ya pili ni uwezo wa kuumuka, kwa mfano 550, 650 au 800. Inapima nafasi inayojazwa na wakia moja ya manyoya, yaani gramu 28 hivi. Kwenye 550, gramu hizo hujaza takriban lita 9. Kwenye 800 hujaza takriban lita 13.

Wengi hudhani 800 ina joto kuliko 550, wakalipa kwa dhana hiyo. Tarakimu hiyo haikuambii koti lina manyoya kiasi gani. Piga hesabu: gramu 200 za manyoya ya 550 hujaza kama lita 64, lakini gramu 100 za manyoya ya 800 hujaza kama lita 46. Koti la kwanza litakupa joto zaidi, na aghalabu ndilo la bei nafuu. Litakuwa zito kidogo, jambo linalomhusu mpanda mlima kuliko mtu anayekwenda kazini. Kwa hiyo tafuta au uliza uzito wa kijazo kwa gramu. Kwa maisha ya mjini, 550 hadi 650 inatosha kabisa.

*Poliesta.* Nyuzi za kutengenezwa kiwandani zinazoiga kazi ya manyoya. Ni nafuu, hufuliwa kwa urahisi, na zikilowa bado hubakiza sehemu nzuri ya joto. Kwa baridi yenye mvua mimi ningeanzia hapa. Hasara yake ni kwamba koti huwa nene na zito zaidi kwa joto lile lile, na nyuzi hulala polepole kadiri linavyovaliwa na kufuliwa. Unene wake huandikwa kwa gramu kwa kila mita ya mraba: 60 hadi 100 ni la baridi ya wastani, 150 hadi 200 ni la baridi kali.

*Sufu.* Koti la sufu ni la heshima kazini na hudumu sana. Sufu hunyonya mvuke mwingi kabla hujahisi umelowa, na hutoa harufu kwa shida. Tafuta lenye sufu asilimia 70 au zaidi, lililofumwa kwa kubana. Liinue kwenye mwanga: ukiona mwanga unapenya kila mahali, upepo nao utapenya. Koti la sufu peke yake halitoshi kwenye nyuzi 15 chini ya sifuri penye upepo, hata muuzaji akiapa.

Onyo: nyuzi za joto zilizoandikwa kwenye lebo ya koti, mfano "hadi nyuzi 25 chini ya sifuri", zichukulie kama maoni ya mtengenezaji. Mifuko ya kulalia ina kipimo cha pamoja cha kimataifa, ISO 23537, lakini makoti ya kawaida ya madukani hayalazimiki kupimwa kwa namna moja. Zitumie kulinganisha makoti mawili ya kampuni ile ile, basi.

Hatua ya 4: Angalia kitambaa cha nje

Weka mdomo kwenye kitambaa na upulize kwa nguvu huku kiganja kiko upande wa pili. Ukihisi pumzi yako inapita, upepo utapita.

Kuhusu maji, tofautisha mambo mawili. Kitambaa kinachofukuza maji hufanya matone yateleze, na kinatosha kwa theluji na manyunyu ya muda mfupi. Kitambaa kisichopitisha maji kabisa kina utando ndani na mishono iliyozibwa kwa utepe. Huandikwa kipimo kama milimita 10,000, yaani kimo cha maji ambacho kitambaa huhimili kabla hayajapenya, nacho kinaongeza bei. Kama baridi yako ni kavu, usiulipie utando huo. Kama ni ya mvua, ulipie, au nunua koti la kawaida na koti jembamba la mvua la kuvaa juu yake. Njia hii ya pili mara nyingi ni nafuu, na lile la mvua utalitumia mwaka mzima.

Chunguza pia mishono ya vyumba vya kijazo. Kwenye makoti mengi uzi hupita moja kwa moja kutoka nje hadi ndani, na pale kwenye mshono hakuna kijazo. Ni mstari wa baridi. Mistari michache haina neno. Koti lenye mistari iliyosongamana kila baada ya vidole viwili ni la kuvaa ndani ya lingine.

Hatua ya 5: Kagua mianya

Ningekuwa na dakika mbili tu dukani, ningezitumia hapa. Joto hutoka shingoni, kwenye vifundo vya mikono, kwenye pindo na kwenye zipu. Koti la bei ya kati lililofungwa vizuri sehemu hizi hulishinda koti nene lililo wazi.

- Shingo: ukosi ufike kidevuni zipu ikifungwa, bila kukukaba.
- Kofia ya koti: geuza kichwa kushoto na kulia. Kofia igeuke nawe, isibaki ikikuziba jicho.
- Mikono: ndani ya ncha kuwe na mpira au ribu (ukanda uliofumwa unaovutika) inayobana kifundo.
- Pindo au kiuno: kuwe na kamba ya kukazia.
- Zipu: nyuma au mbele yake kuwe na ukanda wa kitambaa unaozuia upepo. Zipu inayofunguka pia kutoka chini hukusaidia kukaa bila koti kukubana tumboni.
- Urefu: lifunike makalio, na kwa baridi kali lifike katikati ya paja. Koti linaloishia kiunoni ni zuri kwa anayeendesha gari. Kwa anayesubiri basi ni mateso.
- Mifuko: ya kupasha mikono iwe na bitana laini ndani. Uwepo mfuko mmoja wa ndani wa simu, kwa kuwa betri huishiwa haraka kwenye baridi.

Hatua ya 6: Livae kwa majaribio

Vaa sweta yako nene, kisha koti juu yake, funga zipu hadi juu. Sasa nyoosha mikono juu: ncha za mikono zisishuke sana mpaka kifundo kikawa wazi, na pindo lisipande hadi kiunoni. Jikumbatie: mgongo usibane. Kaa kitini. Inama kana kwamba unafunga kamba za viatu.

Koti likibana, kijazo kinakandamizwa na hewa inatoka, hivyo ubaridi unaingia hata kama koti ni la gharama kubwa. Likipwaya mno, kila hatua unayopiga inasukuma hewa ya moto nje na kuvuta ya baridi. Kipimo kizuri ni hiki: ukiwa umevaa sweta, unaweza kupitisha ngumi moja kati ya koti na kifua, si mbili. Ndiyo maana sishauri kurukia saizi mbili juu. Saizi yako halisi, au moja juu, inatosha.

Kwa watoto kishawishi cha kununua kubwa ni kikubwa zaidi, maana wanakua. Saizi moja juu, sawa. Na kumbuka jambo la usalama: mtoto asifungwe kwenye kiti chake cha gari akiwa amevaa koti nene lililojazwa. Mkanda huonekana umebana, kumbe umebana koti. Mvue, mfunge, kisha mfunike nalo kwa juu.

Hatua ya 7: Chagua wakati wa kununua

Maduka hupunguza bei kabla baridi haijaisha, yakipisha nguo za msimu ujao. Kaskazini mwa ikweta hiyo ni Januari hadi Machi; kusini ni Julai na Agosti. Ubaya wake ni kwamba saizi za kawaida zinakuwa zimeisha, na rangi nyeusi pia. Ukiwa tayari kuvaa kijani au kahawia utaokoa fedha. Matoleo ya mwaka uliopita nayo hushushwa bei ingawa mara nyingi tofauti ni rangi tu. Mtu mwenye umbo dogo aangalie saizi kubwa za vijana, kwani mara nyingi ni nafuu.

Kama unasafiri kwenda kwenye baridi na unajiuliza ununue kabla au ukifika: beba koti la wastani na sweta mbili za kukuvusha siku za mwanzo, kisha nunua koti lenyewe huko, ukiwa umeihisi hali ya hewa na kuona wenyeji wanavaa nini. Ukifika katikati ya baridi kali, hapo usithubutu kutua bila koti kamili.

Hatua ya 8: Kama ni la mtumba, likague hivi

Koti zuri la mtumba ndilo nafuu kuliko yote, na silionei haya hata kidogo. Fungua na kufunga zipu mara kadhaa. Nusa kwapani na ndani ya kofia: harufu ya ukungu ni ngumu kuondoka. Likandamize kiganjani kisha uliachie; manyoya mazima huumuka tena baada ya muda mfupi. Lishike kwenye dirisha lenye jua utafute sehemu tupu zisizo na kijazo. Chunguza mishono na mifuko kwa madoa madogo meusi, dalili ya kunguni, na kwenye sufu tafuta vitundu vya nondo.

Usiliingize kabatini kabla ya kulifua kama lebo inavyoelekeza. Lisiloweza kufuliwa kwa moto lifunge ndani ya mfuko na uliweke kwenye friza yenye nyuzi 18 chini ya sifuri kwa siku 4.

Hatua ya 9: Usikate lebo mapema

Uliza masharti ya kurudisha kabla ya kulipa, na utunze risiti. Nyumbani, livae na mavazi yako yote ya baridi, fungua dirisha, kaa dakika 15. Kama kuna sehemu inayokukera sasa, itakukera kila asubuhi.

Matatizo ya kawaida na namna ya kuyatatua

*Nina koti nene lakini mgongo unahisi baridi.* Kaza kamba ya pindo kwanza, kisha ongeza skafu. Tatizo likiendelea, koti ni fupi au limepwaya. Vaa sweta ndefu inayoingia ndani ya suruali.

*Natoka jasho nikitembea, nikisimama natetemeka.* Angalia fulana yako ya ndani. Pamba hushika jasho na kukulowesha; badilisha kwa sufu au poliesta. Fungua zipu kidogo kabla jasho halijaanza.

*Maji yalikuwa yanateleza, sasa yanaingia.* Dawa ya kufukuza maji imechakaa au imefunikwa na uchafu. Fua bila kilainishi cha nguo, kausha kwa moto mdogo kama lebo inaruhusu. Ikishindikana, nunua dawa ya kupulizia.

*Nimefua koti la manyoya limekuwa mabonge.* Halijakauka. Lirudishe kwenye mashine ya kukaushia, moto mdogo, pamoja na mipira 2 au 3 safi ya tenisi. Litoe kila baada ya muda ulivunjevunje mabonge kwa vidole, kisha liendelee. Huchukua saa kadhaa. Usiliache na unyevu usiku kucha, litaoza kwa ndani.

*Manyoya yanachomoza.* Usiyavute nje, maana unoya mmoja huvuta mwenzake na tundu linapanuka. Ushike unoya kwa upande wa ndani uurudishe. Tundu lenyewe lizibe kwa kiraka cha kunata cha nailoni.

*Zipu inakwama.* Sugua meno kwa kipande cha mshumaa au sabuni kavu. Kama inapita lakini meno hayashikani, kitelezi kimepanuka: kibane taratibu kwa koleo, pande zote mbili, kidogo kidogo.

*Mwaka wa pili halina joto kama mwanzo.* Kwanza lifue. Mafuta ya mwili na uchafu hulaza kijazo. Kisha angalia ulivyolihifadhi. Koti lililobanwa ndani ya mfuko wa kufyonza hewa miezi yote ya joto hupoteza uwezo wa kuumuka. Litundike, au likunje kwa ulegevu likiwa safi na kavu kabisa. La sufu lifungie kwenye mfuko wa nguo baada ya kulisafisha, kwa sababu nondo hufuata jasho na madoa.